Aliyebaki Bila Poda

Kagongwa,
14 Januari 2024

Sengi Anisia,

Shikamoo, shangazi yangu. Natumaini baridi ya Mafinga haijakuzidi na magoti yamepoa. Sisi huku ni wazima. Mvua zinakuja kwa kusuasua. Mahindi ya mama kule Bugarama yamefika magotini, pamba imeota upande mmoja wa shamba na upande mwingine imekataa. Kaburi la baba tumelisakafia kabla ya Krismasi. Mama anakusalimu sana, anasema wifi yake amekuwa kama mwezi, anaonekana lakini hafiki. Barua hii nampa kondakta wa basi pamoja na kifurushi cha michembe. Najua simu huipendi.

Shida yangu ni hii. Unajua nilifungua saluni hapa Kagongwa, upande wa yanapoegeshwa malori. Nywele naziweza. Mekapu ndiyo inanitoa jasho. Nimejifunza kwa kutazama video, na nikimpamba mtu asubuhi anatoka anapendeza, lakini saa sita uso umekuwa wa kijivu kama kamwagiwa majivu, na pembeni ya pua fondesheni imepasuka kama tope la lambo lililokauka. Juzi mke wa mwalimu Pantaleo amerudi mchana na kuniuliza mbele ya wateja, "Vumilia, umenipamba au umenisiriba?" Wote wakacheka, na mimi nikacheka, ila nilitamani kufunga mlango.

Baba aliniachia ile picha yako, umesimama nyuma ya jukwaa na waigizaji, umejipaka wanja mweusi mzito. Alikuwa akisema wewe ndiye uliyekuwa ukiwapamba, na kwamba unaweza kumfanya kijana awe mzee na mzee awe kijana. Mimi sitaki makubwa. Nataka mwanamke apake aende sokoni, arudi jioni akiwa bado ni yeye. Nisaidie.

Mwanao,
Vumilia Mihayo


Mafinga,
9 Februari 2024

Ng'wanawane Vumilia,

Marahaba, mwanangu. Michembe imefika. Nimeichemsha nikaila na karanga nikiwa dirishani, ukungu umeifunika misonobari yote, na kwa muda mfupi nilisikia harufu ya jua la kwetu Msalala. Watu wa huku ni wema, wamenizika nusu tayari kwa heshima. Lakini hawajui kiazi kilichokaushwa juani. Mwambie wifi yangu nimemsikia kuhusu mwezi. Na simu siipendi kwa sababu ni chombo cha kuambiana nani amekufa. Ukiwa hai, niandikie.

Sasa hizo video zako. Yule binti unayemtazama amekaa mbele ya taa, ndani ya chumba chenye hewa baridi, na hajawahi kupitiwa na vumbi la lori hata siku moja. Unamfuata yeye unamwacha mtu aliyekaa kwenye kiti chako. Hilo linaniudhi, na ningekuwa hapo ningekupiga kofi mkononi kama nilivyokuwa nikiwapiga wanafunzi wangu wa jukwaani.

Mke wa mwalimu amesema kweli, unasiriba. Anza hivi. Mteja aoshe uso. Mpake mafuta kidogo sana, kisha usimguse. Pigeni soga, mseme watu, mpaka ngozi iyanywe. Ukipaka fondesheni juu ya mafuta ambayo hayajanywewa, ndiyo hiyo inayopasuka. Rangi usiichague kwa kujaribu nyuma ya kiganja. Jaribu kwenye taya, na mtoke wote nje ya mlango mtazame kwa mwanga wa mchana. Balbu ni mwongo. Majivu unayoyaona saa sita yanatokana na kosa moja: mnachagua rangi nyeupe kuliko mtu mwenyewe. Mwanamke akikuomba rangi iliyo nyeupe kuliko shingo yake, mkatalie. Akinuna, aende kwa jirani akasiribwe.

Sponji iloweshe, uikamue mpaka iwe na unyevu tu. Gonga, usiburute. Anzia katikati ya uso, ndiko ngozi inakobadilika rangi, na uwe umeishiwa kabla hujafika masikioni. Tabaka jembamba. Kisha rudi nyuma hatua, tazama, ongeza pale tu panapoomba. Poda weka panapotoka jasho, yaani paji, pua na kidevu, nayo uibane kwa sponji kavu ya poda, usiipanguse. Jasho likija mchana, alikaushe kwanza kwa kitambaa ndipo aongeze poda. Akiweka poda juu ya jasho, anakanda unga.

Shika hili moja, mengine yatafuata: pambo la jukwaani lazima lionekane mpaka kiti cha mwisho, lakini pambo la kila siku likionekana limeshindwa. Mimi hujipamba kila asubuhi kabla sijafungua mlango, hata siku ambayo hakuna wa kuja, na muuza maziwa anayenigongea kila siku anaapa kwamba mimi sijui hata poda.

Soma pia vitabu. Ngozi yako hiyo hailindwi na mafuta peke yake.

Sengi wako,
Anisia


Bugarama,
17 Machi 2024

Sengi,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Huku mvua zimekazana.

Nimefanya kama ulivyosema na imekubali. Mke wa mwalimu alikaa mpaka jioni uso hauna hata ufa, Jumamosi iliyofuata akaja na dada zake. Mmoja nilimkatalia rangi nyeupe akanitukana, nikamwambia ni amri ya shangazi yangu. Nashukuru sana. Wabeja.

Sasa naomba unifundishe uso wa mtu mzima. Kuna mteja wangu, mama wa makamo. Ngozi imelegea kidogo, hilo si tatizo. Tatizo ni macho. Kingo zimekuwa nyekundu, kope zimenyonyoka, machozi yanatoka hata akiwa amekaa tu, na weupe wa jicho wenyewe una wekundu. Anataka ajue kujipaka mwenyewe, kila siku, kwa kioo kidogo, na asionekane kabisa kuwa amejipaka. Muhimu ni macho, sengi. Mengine hata yakikosewa si kitu.

Ukipata nafasi nijibu mapema.

Vumilia


Mafinga,
6 Aprili 2024

Vumilia,

Marahaba. Hapa mvua na baridi, kuni za misonobari zimeloa, nimejifungia na vitabu na redio. Jirani yangu amepata mjukuu wakampa jina langu, maskini mtoto.

Barua yako ina mapengo, na mimi nimesoma barua nyingi maishani. Juu umeandika Bugarama. Saluni yako iko Kagongwa. Hukuniambia umehamia nyumbani, wala kwa nini. Salamu za mama yako, ambazo hazijawahi kukosa, zimekosa. Mahindi hukuyataja. Na unaniomba nijibu mapema, wewe ambaye hukaa na barua zangu mpaka karatasi inageuka rangi.

Nitakujibu la ufundi kwanza, kwa sababu mwenye jicho bovu hana kosa.

Huyo mama aende zahanati kabla ya brashi yoyote. Kope zikinyonyoka na kingo zikawaka, huenda ni kikope, na kikope kinazigeuza kope zilizobaki zichome jicho kwa ndani mpaka lizimike. Asiweke kitu chochote kwenye ukingo wa ndani wa jicho. Wanja wake uwe wake peke yake, asiazimane na mtu. Juu ya kope apake tabaka jembamba la rangi inayoelekea manjano, hiyo huumeza wekundu. Akomee kabla ya ukingo. Wanja mweusi upite nje tu, juu ya mstari wa kope za juu, mwembamba. Nyusi azichane zikae sawa. Halafu aweke rangi kidogo mdomoni, ya udongo mwekundu, na kidogo shavuni, chini kidogo ya anapopaka kijana. Mtu hutazama panapomwita. Macho yake yakishaitwa mdomoni, hayapandi tena.

Kuna matone yanauzwa dukani yanayofukuza wekundu wa jicho. Usimpe. Dawa ile ikikatika, wekundu unarudi na ndugu zake.

Haya, nimekujibu. Sasa na wewe nijibu. Huyo mteja anapikia kuni gani, na jiko lake lina dirisha? Na wifi yangu Hosiana hajambo?

Anisia


Bugarama,
23 Juni 2024

Sengi yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Tulikuwa kwenye pamba, bei ni hiyo hiyo ya kukatisha tamaa, lakini tumevuna. Viazi ni vingi, tunakata michembe, utapata kifurushi.

Mteja ni mama. Ulijua.

Ilianza mwezi wa pili. Kuna mtu anaitwa Thobias, ana duara, shimo la kuchimba dhahabu, nyuma ya kilima, na vijana wengi wa hapa wanachimba kwake. Mwaka jana lilitoa vizuri. Mwaka huu limejaa maji na ukuta mmoja umeporomoka, na akaanza kusema duara halijaharibika, limefungwa kwa uchawi. Nani amelifunga? Akasema watazamwe wanawake wanaokaa peke yao. Mama ni mjane, macho unayajua, na huku jicho jekundu huitwa la mchawi. Siku moja akakuta kipande cha sanda kimefungwa kwenye mlango wa jiko lake. Alikifungua akakitia motoni akaendelea kupika, lakini alinipigia simu, na mama huwa hapigi. Ndiyo maana nilifunga Kagongwa nikaja.

Sengi, ufundi wako umemwokoa. Nilimpaka siku za kwanza, kisha nikamfundisha, mkono wake mtulivu kuliko wangu. Zahanati alikwenda, akapewa dawa ya kupaka, wakasema arudi, bado hajarudi. Matone nilimpa. Najua ulikataza. Lakini poda haifiki ndani ya jicho, na wao wanatazama ndani. Kanisani kigangoni watu wakaanza kusema Mama Vumilia amepona, maombi yamejibiwa. Hata Thobias akamsalimia.

Halafu wengine wakaja. Kwanza walikuja kwa mlango wa nyuma, mmoja mmoja, kina mama wa jumuiya. Nani huku hana macho ya moshi? Miti imekwisha, tunapikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe. Mke wa katekista amekuja. Agnetha, mke wa Thobias mwenyewe, alikuja akiwa na mtoto mgongoni, akaniambia nisimwambie mtu, kwamba mumewe akirudi kutoka duarani hamtazami usoni, ila siku akimtazama asione. Nimewafundisha wote kujipaka wenyewe. Wana vioo vidogo wanavifunga kwenye pindo la khanga.

Ukipita sokoni Bugarama leo hutaona jicho jekundu, ukimtoa Mama Ndaki, na yeye ni mzee sana, anaishi karibu na lambo, mwanawe Ndaki alikwenda Geita kuchimba na hajarudi. Nilimwendea akacheka, akasema uso wake ameuzoea.

Nafikiri ungejivunia.

Vumilia


Mafinga,
11 Julai 2024

Vumilia,

Leo sikusalimii, wala sikupi habari za baridi.

Nimesoma barua yako nikafika kwenye lile neno "ukimtoa" nikasimama. Umeliandika kama mtu anavyosema chumvi imekwisha. Ukimtoa Mama Ndaki. Umewapamba wanawake wa kijiji kizima vizuri, kwa ufundi wangu, mpaka umemwacha bibi mmoja peke yake na macho ya wote. Umemwonyesha Thobias kwa kidole. Angekuja mpiga ramli na kioo chake asingefanya kazi safi kama uliyoifanya wewe na sponji.

Nilikukataza matone. Hukusikia. Nilikuuliza jiko lina dirisha, hukujibu. Umeshughulika na yote isipokuwa moshi.

Nisikilize. Bibi yako Nyamizi, mama yangu, hukumwona, na baba yako hakupenda kumtaja, kwa hiyo nitakutajia mimi. Alikuwa na macho ya moshi. Wakati huo pia miti ya upande wetu ilikuwa imekwisha, na kila mwanamke wa kijiji alipika akilia. Lakini waliokuwa na waume walikuwa na waume. Wengine walikuwa na watoto wa kiume wakubwa, na wengine walikuwa chini ya ulinzi wa mzee fulani. Wekundu wao haukuhesabiwa. Wa mama yangu ulihesabiwa, kwa sababu baba alikuwa amekufa na shamba letu lilikuwa zuri. Wale watu hawakuwa wakitafuta macho. Walikuwa wakitafuta mtu asiye na wa kumsemea, na macho yakawa njia ya kumfikia. Waliompiga panga wengine walikuwa wamekula kwake. Siku ya mazishi wanawake wenzake walikaa mbali, wamejifunika khanga mpaka puani, kila mmoja akificha macho yake. Hao wanawake ndio sijawasamehe. Wauaji niliwasahau sura zamani.

Nilipoondoka nilisema sitakanyaga tena udongo ule, na sijaukanyaga.

Thobias duara lake limefungwa na maji, na uchoyo wa kukataa kuweka magogo ya kushikilia ukuta. Kila mchimbaji anajua. Na wewe umekwenda kumsaidia apate jibu jingine.

Futa. Wote. Waambie wafute siku moja, mahali pamoja, watu wakiona. Nakutumia vitambaa laini na chupa ya mafuta. Hayo yanatoa kila kitu bila kuumiza ngozi. Kisha toboeni madirisha kwenye hayo majiko na kuweka mabomba ya moshi, na mama yako arudi zahanati.

Anisia


Bugarama,
4 Agosti 2024

Sengi,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu nimelelewa.

Vitambaa vimefika. Mafuta yalimwagika nusu njiani. Nimeviweka chini ya kitanda.

Jiko la Mama Ndaki limechomwa moto wiki iliyopita, mchana, watu wote wakiwa mnadani. Yeye alikuwa lamboni, ndiyo maana yuko hai. Thobias na wenzake wanachangisha wamlete lambalamba, yule mganga anayezunguka akinusa wachawi, na mkutano wa sungusungu, walinzi wa kijiji, utaitishwa ili wakubaliane. Kila mtu anajua atamnyooshea nani. Kwa hiyo ulisema kweli. Furahi.

Lakini nitakuambia na mimi. Unaandika "futa" kama mtu anayefuta ubao. Unajua unachoniomba? Unaniomba nimvue mama yangu uso unaomweka hai, nimsimamishe mbele ya Thobias, kwa ajili ya bibi ambaye hata poda yangu aliikataa. Mama Ndaki namhurumia. Mama ni mama. Ungekuwa na wako ungefanya nini? Usinijibu kwa kitabu.

Unawalaumu wanawake waliojifunika khanga. Wao walikuwepo. Walibaki hapa, wakapika kwa moshi ule ule, wakazeeka, wakazika. Wewe uliondoka na uso wako mzuri, ukaenda kuwapaka rangi waigizaji, na hata baba yangu alipokufa hukuja. Nilikaa na picha yako kwenye mfuko wa gauni siku ile, nikitazama barabarani. Wanja wako unapendeza sana, sengi. Hata machozi ya msiba hayajawahi kuuharibu.

Kama kufuta ni kazi rahisi, njoo ufute wewe.

Vumilia


Bugarama,
15 Septemba 2024

Sengi Anisia,

Shikamoo. Hujajibu. Sijui kama umeudhika au unaumwa, na simu yako inaita tu. Naandika hivyo hivyo, kwa sababu yaliyotokea ni yako pia.

Ile barua yako isiyo na salamu nilimsomea mama. Nilimsomea kwa hasira, nikitaka aone ulivyo mkali. Alikuwa anapepeta choroko. Nilipofika kwenye habari za bibi Nyamizi aliacha kupepeta, nilipomaliza akaendelea. Siku nyingi zikapita nikadhani amesahau.

Mkutano uliitishwa Jumamosi, kwenye uwanja wa mashine ya kukoboa. Asubuhi mama akaniambia, "Leo nipake wewe, na unipake kuliko siku zote." Nikampaka. Sengi, ungeiona kazi ile ungeninyamazia. Alikuwa kama mama wa kwenye kalenda. Njiani watu walimgeukia. Nilifikiri anajikinga. Sikujua kwamba amevitoa vitambaa vyako chini ya kitanda.

Mama Ndaki walimketisha chini, katikati. Alikuwa anatafuna kipande cha muwa kama yuko kwake. Thobias akasema yake: duara, vijana wanaokosa riziki, kwamba kijiji kina ugonjwa na ugonjwa unajulikana kwa dalili zake. Akamwonyesha Mama Ndaki, akasema, "Tazameni wenyewe yale macho."

Mama akasimama. Thobias akamwambia kwa upole kabisa, "Mama Vumilia, kaa tu mama, hili halikuhusu."

"Linanihusu," mama akasema. "Si umesema tutazame macho?"

Akafungua pindo la khanga, akatoa kitambaa, akajifuta. Hakufanya haraka. Alianza na mdomo, akaja mashavuni, akamalizia macho, kama unavyoelekeza wewe, bila kuburuta. Matone alikuwa ameyaacha wiki nzima bila kuniambia, akinikwepa macho hata nilipompaka, na wekundu ulikuwa umerudi na ndugu zake kweli. Macho yalikuwa mekundu kuliko nilivyowahi kuyaona. Kijana mmoja wa duarani akacheka akasema, "Kumbe mama ulipigwa rangi kama lori." Wachache wakacheka. Mama naye akatabasamu, kisha kicheko kikafa chenyewe.

Akasema, "Haya. Tuko wawili. Nani mwingine?"

Nilimtazama mke wa katekista, niliyempaka asubuhi ile ile, akageuza uso. Wanawake wote walitazama chini, na wengine walivuta khanga zao juu, mpaka puani. Nilikumbuka ulivyoandika kuhusu mazishi. Thobias akaanza kusema basi ni wazi, tuna wawili. Nilitaka kumkimbilia mama. Nikabaki nimekaa.

Aliyesimama ni Agnetha. Mtoto mgongoni. Alikwenda mpaka kwa mama, akakichukua kile kitambaa kichafu mkononi mwake, akajifuta nacho.

Thobias akasema, "Agnetha, kaa chini."

Akamjibu, "Moshi huu ni wa maji yako ya kuoga, Baba Goodness. Kila siku unatoka duarani unayakuta ya moto. Ulifikiri yanachemshwa na nini?"

Thobias alimtazama. Mimi nilikuwa karibu, sengi, niliona. Alikuwa hajawahi kuyaona yale macho. Mkewe wa miaka yote.

Baada ya hapo nilijifuta mimi, ingawa yangu hayana kitu, nikachukua vitambaa vingine kwenye khanga ya mama nikavigawa. Wengine walichukua. Si wote. Mke wa katekista hakuchukua, na mpaka leo anajipaka, na tukikutana ananisalimia kana kwamba hakukuwa na lolote. Lakini walikuwa wengi vya kutosha, wamesimama na nyuso zimechafuka rangi, wanalia bila kulia. Mama Ndaki akatema muwa, akawatazama, akasema kwa Kisukuma kwamba kumbe alikuwa na ukoo mkubwa. Hapo wanaume ndipo walipoanza kuinuka mmoja mmoja. Kamanda wa sungusungu akasema mkutano umeahirishwa mpaka utakapotangazwa. Haujatangazwa. Lambalamba hakuja. Michango ya watu Thobias hajarudisha.

Nisikudanganye kwamba tumepona. Mama Ndaki amehamia kwetu, anakataa chakula changu anataka cha mama. Agnetha yuko kwao na watoto. Usiku mwingine mbwa wakibweka tunashikana mikono. Lakini jiko letu lina dirisha sasa, na bomba tumeweka la bati. Mama na Mama Ndaki wamekwenda zahanati pamoja, muuguzi anasema kope zao za ndani zitang'olewa, na mzee atapelekwa Kahama kufanyiwa upasuaji mdogo.

Bado nina hasira na wewe. Ulikuwa sahihi na hukuwepo. Sijui niiweke wapi hasira ya namna hiyo.

Vumilia


Mafinga,
2 Oktoba 2024

Vumilia, ng'wana Mihayo,

Marahaba. Msalimie wifi yangu Hosiana, umwambie amenipita. Msalimie Mama Ndaki. Agnetha mpelekee salamu kwao, na kama wazazi wake wanamshurutisha arudi kwa mumewe kabla hajataka, uwaambie kuna bibi mmoja wa ukoo wa Mihayo anayetaka kuzungumza nao. Mke wa katekista mwache. Nilikuwa nimeandika maneno juu yake nikayakata.

Barua yako ya Agosti niliipata. Sikunyamaza kwa kuudhika. Niliudhika siku ya kwanza. Siku zilizofuata niliisoma ile sehemu ya wanja. Umeniuliza ningekuwa na mama ningefanya nini, ukanikataza nisijibu kwa kitabu. Sina jibu nje ya kitabu. Nina hili tu.

Asubuhi moja nilikaa mbele ya kioo kama kawaida, sponji imelowa, fondesheni iko tayari. Sikupaka. Nilifungua mlango hivyo hivyo. Muuza maziwa alirudi nyuma akaniuliza, "Bibi, unaumwa macho?" Nikamwambia sijaanza leo. Ananijua tangu nihamie hapa, na alikuwa hajawahi kuniona.

Mimi pia nimelelewa katika jiko lile, Vumilia. Nilikuwa nikimpulizia mama yangu moto. Ufundi wangu wote haukuanzia jukwaani. Jukwaani nilikwenda kwa sababu nilikuwa tayari naujua. Nimekuwa nikiwaficha wauaji wa mama yangu kitu walichokitafuta, miaka yote hii, katika mji ambao hakuna aliyekitafuta. Nina hasira nyingi kuliko zako, na za kwangu zimekaa muda mrefu zaidi. Tutaziweka mezani zote, tutaona zipi zinashinda.

Nataka nionyeshwe tena mama yangu alipolala. Nataka pia kumwona Thobias, usimwambie nakuja.

Nimekata tiketi ya wiki ijayo. Nitashuka Kagongwa, yanapoegeshwa malori. Hujaniona tangu baba yako alipokuleta kwangu ukiwa mtoto wa kubebwa, kwa hiyo usinitafute kwa ile picha. Tafuta mwanamke mzee mwenye macho mekundu.

Sengi wako,
Anisia binti Nyamizi